Mtoto wa mbwa amezaliwa na kasoro: alelewe au apumzishwe?

Tone moja la maziwa lilimtoka puani, tundu la kushoto, likavimba kama povu la sabuni kisha likapasuka. Akapiga chafya, akarudi kwenye chuchu. Nilimpangusa nikadhani ananyonya kwa pupa. Kesho yake uzito ulikuwa haujapanda, nikatafuta chupa nikaanza kumlisha mwenyewe, kwa bidii, usiku na mchana. Siku ya sita akafa. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akamulika tochi: kaakaa lilikuwa limepasuka katikati, kutoka nyuma ya ufizi hadi karibu na koo. Kila nilipomlisha, maziwa yalipanda puani na mengine yakashuka mapafuni. Ufa ule alizaliwa nao. Mimi sikuwa nimemtazama mdomoni.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu aliyechuchumaa sasa hivi mbele ya sanduku la watoto wa mbwa, mmoja wao hayuko sawa, na hajui la kufanya. Nianze na lile nililochelewa kulijua: uamuzi wa kumlea mtoto mwenye kasoro au kumpumzisha, yaani daktari kumfisha bila maumivu, haufanywi mara moja. Unafanywa saa ya kwanza, unarudiwa siku ya tatu, unarudiwa tena wiki ya tatu, kila mara kwa kile unachokijua wakati huo. Na kutoamua kabisa si njia ya tatu. Watu husema "mwache, asili itaamua." Mtoto asiyeweza kunyonya, akiachwa, hufa kwa njaa na baridi, na hafi kwa dakika moja.

Hatua ya 1: Mpe joto kabla ya kumhukumu

Mtoto wa mbwa aliyezaliwa leo hawezi kujitengenezea joto la kutosha. Wiki ya kwanza joto la mwili wake huwa kati ya nyuzi 35 na 37 hivi, chini kuliko la mbwa mkubwa, na likishuka zaidi ya hapo analegea, anaacha kunyonya, tumbo linaacha kusaga. Ukimwona katika hali hiyo utadhani ana ulemavu mkubwa, kumbe amepoa tu.

Kwa hiyo mpashe moto kwanza, taratibu, kwa muda wa saa moja hadi tatu: mweke kifuani ndani ya nguo yako, au karibu na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri kwa taulo. Usimpashe kwa haraka, na usimpe maziwa angali baridi, kwa sababu yatakaa tumboni bila kusagwa au yatapanda na kumpalia. Sehemu wanayolala wiki ya kwanza iwe na joto la nyuzi 29 hadi 32, lakini upande mmoja uwe na nafuu ili mama asihemewe na watoto wapate pa kusogea.

Akishapata joto ndipo umtazame. Wengi waliotupwa kando na mama yao wakiwa baridi hupokelewa tena wakirudishwa wakiwa na joto. Mama kumsukuma mtoto ni dalili ya kuzingatia, ila si hukumu. Wapo waliosukumwa wakiwa wazima kabisa, na wapo wenye kasoro kubwa wanaolambwa na kukumbatiwa hadi mwisho.

Hatua ya 2: Mkague kuanzia pua hadi mkia

Fanya hivi kwa kila mtoto, hata anayeonekana mzima, ndani ya saa chache za mwanzo. Safisha mikono, washa taa nzuri, mweke juu ya taulo lenye joto.

Anza na mdomo. Fungua taratibu kwa kidole kidogo, mulika, tazama paa la mdomo hadi nyuma kabisa. Linapaswa kuwa zima, la rangi ya waridi, lenye mikunjo midogo. Ufa wa nyuma, kwenye kaakaa laini, hujificha. Wengine huukosa kwa sababu waliishia mbele. Ukiona mdomo wa juu umepasuka hadi puani, ule mdomo wa sungura, kagua kaakaa mara mbili, maana mara nyingi viwili hivyo huandamana. Kasoro hii huonekana zaidi kwa mbwa wa pua fupi, lakini yeyote anaweza kuzaliwa nayo.

Kichwa: papasa utosi. Kwa mbwa wa miili midogo sana tundu dogo lililo wazi utosini si ajabu. Kinachotia wasiwasi ni kichwa kilichojaa kama kuba, tundu pana, na macho yanayotazama chini na nje yakishafunguka. Hapo huenda maji yamejikusanya kwenye ubongo.

Kifua na tumbo: kifua kisiwe bapa kama kimekandamizwa. Kitovu kikiwa na uvimbe laini unaorudi ndani ukibonyezwa, hiyo ni ngiri ya kitovu; ndogo mara nyingi hujifunga au hurekebishwa baadaye kirahisi. Lakini kama utumbo uko nje ya mwili, usiurudishe ndani kwa vidole. Ufunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi ya chumvi ya hospitalini, na daktari amwone saa hiyo hiyo. Tena mwangalie mama asije akakata kitovu cha mwingine akakiguguna kupita kiasi.

Mgongo: pitisha kidole uti wote. Shimo, sehemu isiyo na ngozi, au manyoya yaliyozunguka kiajabu juu ya kiuno huweza kuwa mgongo wazi. Kisha vuta taratibu miguu ya nyuma uone kama anairudisha.

Mwisho, chini ya mkia. Hapa ndipo watu wengi husahau. Pangusa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu uhakikishe tundu la haja kubwa lipo na liko wazi. Mama hulamba kila kitu, kwa hiyo huwezi kujua kwa kuangalia matandiko kama mtoto amepata choo au la. Asiyekuwa na njia hiyo hunyonya vizuri siku ya kwanza, na siku ya pili au ya tatu tumbo linakuwa gumu kama ngoma. Kwa majike, choo kikitoka kupitia uke ni kasoro ya jamii hiyo hiyo.

Vidole vya ziada, mkia uliopinda, sikio moja dogo, kisiki cha mguu mmoja: andika, lakini usilie bado.

Hatua ya 3: Tenganisha kinachoonekana na kinachoua

Macho yetu hutudanganya hapa. Mtoto asiye na mguu wa mbele hutushtua, na mwenye kaakaa lililopasuka anaonekana mzuri kama wenzake. Lakini wa kwanza anaweza kuishi maisha marefu ya furaha akikimbia kwa miguu mitatu, na wa pili yuko hatarini kila anapomeza.

Kipimo ninachotumia mimi ni maswali manne. Anapumua bila kuhangaika? Chakula kinafika tumboni? Taka zinatoka? Ana maumivu yasiyotulia? Kasoro isiyogusa lolote kati ya haya manne ni suala la sura, na mtoto huyo alelewe, hapana mjadala. Inayogusa moja, lakini inarekebishika au inaweza kuzungukwa, ni ya kufikiria kwa makini. Inayogusa mawili au zaidi, sijawahi kuona ikiisha vizuri.

Kasoro nyingine hazijitokezi hadi baadaye. Macho hufunguka siku ya 10 hadi 14 hivi, na matundu ya masikio huwa wazi kufikia wiki ya pili hadi ya tatu, kwa hiyo upofu na uziwi hautaujua kabla. Uziwi huonekana sana kwa mbwa wenye weupe mwingi, Dalmatian wakiwa mfano unaojulikana zaidi. Ukiwapandisha mbwa wawili wenye rangi ya mabaka ya marumaru, wale wanaoitwa "merle", baadhi ya watoto huweza kuzaliwa weupe, viziwi, na wenye macho yaliyoharibika. Mbwa kiziwi hafundishwi kwa sauti, anafundishwa kwa ishara za mikono, na anajifunza vizuri. Kipofu naye huikariri nyumba kwa pua na miguu ilimradi hutahamisha vitu kila wiki. Hawa si wa kupumzishwa kwa sababu hiyo peke yake.

Yupo pia anayetapika kila anachokula pindi anapoanza chakula kigumu, chakula kikirudi hakijasagwa. Huyo bomba lake la chakula, kutoka kooni hadi tumboni, linaweza kuwa limepanuka au limebanwa na mshipa uliokaa vibaya. Na yupo anayeyumba kama mlevi anapoanza kutembea, kwa sababu sehemu ya nyuma ya ubongo haikukua. Yule asiyezidi kuharibika kadiri siku zinavyokwenda huzoea mwendo wake na kuishi nao.

Hatua ya 4: Nunua mizani, fungua daftari

Mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja itakusaidia kuliko hisia zako. Funga kila mtoto uzi wa rangi yake shingoni, uliolegea, ubadilishe anapokua. Pima asubuhi na jioni saa zile zile, andika.

Saa 24 za kwanza anaweza kupungua kidogo. Baada ya hapo lazima apande kila siku, na ifikapo siku ya 10 hadi 14 awe amefika mara mbili ya uzito aliozaliwa nao. Akikaa siku nzima bila kuongezeka, kuna jambo. Akishuka siku mbili mfululizo huku unamlisha, daftari limekwisha kukuambia.

Andika pia kilio. Mtoto aliyeshiba na mwenye joto hulala akishtukashtuka kwa usingizi, na huo mshtuko ni afya. Anayelia mfululizo, au aliyenyamaza kabisa akiwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, hayuko sawa.

Hatua ya 5: Mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na maswali

Usiulize tu "atapona?" Uliza: Kasoro hii inarekebishika kwa upasuaji? Lini? Mara ngapi? Nitamlisha vipi hadi siku hiyo? Dalili gani zikitokea nisisubiri kesho? Baada ya yote haya, ataishi bila maumivu? Na omba amkague mtoto mwili mzima, kwa sababu kasoro moja mara nyingi haitembei peke yake. Moyo usikilizwe. Sauti hafifu ya ziada kwenye moyo wa mtoto inaweza kupotea yenyewe kadiri anavyokua. Iliyo kubwa au isiyoondoka inahitaji vipimo. Upo mshipa karibu na moyo ambao hupaswa kujifunga baada ya kuzaliwa. Ukibaki wazi, upasuaji unaweza kumponya kabisa, na usipofanywa moyo wake kwa kawaida huchoka mapema.

Kwa kaakaa lililopasuka, upasuaji kwa kawaida husubiri mtoto afike miezi mitatu au minne ili nyama ya mdomoni iwe imekua, na huenda ukarudiwa. Kwa asiye na njia ya haja kubwa hakuna kusubiri hata wiki, na daktari akueleze mapema kwamba baadhi yao, hata baada ya upasuaji, hawawezi tena kuzuia choo maisha yao yote.

Jibu likiwa "sijui, tumjaribu," hilo nalo ni jibu la mtu mkweli. Muulize basi mtajaribu hadi lini.

Hatua ya 6: Jikague wewe

Ukurasa huu wa daftari watu huuruka kwa aibu. Mtoto mchanga wa kulishwa kwa mkono hula kila baada ya saa mbili au tatu wiki za mwanzo. Hiyo ni mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, pamoja na usiku wa manane, na kila mlo una kupasha maziwa, kulisha, kupima, kusafisha, na kumpangusa sehemu za siri kwa pamba yenye uvuguvugu ili akojoe, kwa maana hadi wiki ya tatu hivi hawezi mwenyewe bila kuchochewa. Nani atafanya hayo ukiwa kazini? Nani ukiugua? Gharama ya upasuaji unaiweza, au unatumaini tu itapatikana? Je, una mahali pa kumweka maisha yake yote kama hakuna atakayemchukua?

Sikuandikii haya kukukatisha tamaa. Kumpenda mnyama ni pamoja na kutomwanzishia safari ambayo utamwacha njiani wiki ya tatu, akiwa ameshafungua macho na kukujua.

Na uwatazame ndugu zake. Mama mwenye watoto wanane na mmoja mgonjwa anaweza kuchoka. Ukihangaika na mmoja ukawasahau saba, utapoteza zaidi.

Hatua ya 7: Panga tarehe kabla hujachoka

Uamuzi mbaya kabisa hufanywa saa tisa usiku na mtu ambaye hajalala siku nne. Kwa hiyo, ukiwa bado na akili iliyotulia, andika kwenye ukuta: "Nitamlisha kwa mpira wa tumboni hadi Ijumaa. Kama hajaongezeka uzito, au kama kifua kimeanza kukoroma, Ijumaa nitampeleka apumzishwe." Mwambie mtu wa nyumbani ambaye hataogopa kukukumbusha. Ijumaa ikifika na mtoto amepanda, panga tarehe nyingine, wiki moja mbele. Hivyo ndivyo watu wanavyofika miezi minne, wakihesabu Ijumaa.

Dalili hizi zisisubiri tarehe: kuhema kwa kuvuta mbavu, ulimi wa bluu, tumbo gumu lenye maumivu, degedege linalojirudia, kilio kisichonyamazishwa na joto wala maziwa.

Hatua ya 8: Ukiamua kumlea

Apate dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 12 za mwanzo ikiwezekana. Baada ya siku moja utumbo hauwezi tena kufyonza kinga iliyomo. Asiyeweza kunyonya akamuliwe ya mama yake. Baada ya hapo tumia maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Ya ng'ombe yana mafuta na protini kidogo mno kwa mbwa.

Mlishe akiwa amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama. Usimlaze chali kama mtoto wa binadamu. Chali ndiyo njia ya mapafuni. Mwenye kaakaa lililopasuka asipewe chupa. Hulishwa kwa mpira mwembamba unaofika tumboni, na hili ufundishwe na daktari kwa mikono yake juu ya yako, si kwa kusoma. Mpira hupimwa kando ya mwili, kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, na kuwekwa alama ili ujue umeingia kiasi gani. Mtoto wa siku chache hakohoi hata mpira ukiingia njia ya hewa, kwa hiyo kutokohoa si uthibitisho wa chochote. Sukuma maziwa polepole, kisha bana mpira kabla ya kuutoa ili tone lisianguke kooni.

Nimalizie na wale wanaoitwa waogeleaji, kwa sababu hawa ndio wanaopumzishwa pasipo haja. Mtoto wa wiki mbili hadi tatu, wenzake wanaanza kusimama, yeye amelala kifua chini, miguu imetawanyika pembeni, anapiga sakafu kama kasa. Mara nyingi ni mnene na kifua kimeanza kuwa bapa. Nilikuwa na mmoja, mwenye uzi wa kijani. Niliondoa magazeti yanayoteleza nikaweka zulia gumu lenye nyuzi. Nilimfunga miguu ya nyuma kwa bandeji laini mfano wa namba 8, upana wa nyonga zake, nikikagua kila siku vidole visivimbe wala ngozi isichubuke. Mara tano au sita kwa siku nilimkunja na kumkunjua kila kiungo, nikamsugua nyayo kwa mswaki ili ahisi ardhi, nikamlaza ubavu kila alipolala. Siku ya nne alisimama sekunde mbili akaanguka kwa pua. Siku ya kumi na moja alivuka sanduku akamng'ata dada yake sikio. Wakianzishiwa mapema, wengi wao hutembea.

Hatua ya 9: Ukiamua kumpumzisha

Kazi hiyo ni ya daktari wa mifugo, kwa sindano ya dawa ya usingizi iliyozidishwa. Usimzamishe majini, usimweke kwenye friji, usimpe sumu, usimtupe. Watu wamerithishana kwamba mtoto mchanga hahisi. Anahisi, anachokosa ni nguvu ya kukuonyesha.

Mpeleke akiwa na joto, amefunikwa kitambaa chenye harufu ya mama yake. Kaa naye ukiweza. Mama usimwache akitafuta bila kitu. Wengine hutulia wakionyeshwa mwili na kuunusa, na mwenye watoto wengine atarudi kwao.

Utajiuliza kama uliwahi mno. Soma daftari lako. Nililisoma la yule mwenye kaakaa, gramu zilizoandikwa kwa mwandiko uliozidi kuyumba, na nikaona kwamba siku ya tatu kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa pale.

Hatua ya 10: Mama na mimba ijayo

Mweleze daktari kila dawa aliyopewa akiwa na mimba, hata ya minyoo, hata vitamini. Baadhi ya dawa za fangasi, steroidi, na vitamini A iliyozidi huweza kuharibu watoto tumboni. Kasoro nyingine ni za ukoo, na wazazi kuwa ndugu wa karibu huongeza hatari. Usiwapandishe tena wawili wale wale. Mtoto uliyemlea akapona, mfanyie upasuaji wa kumfunga uzazi, na umpatapo mtu wa kumchukua, mpe daftari pamoja na mbwa: uzito wa kila siku, kasoro yake kwa jina, kilichofanywa, na namba ya daktari anayemjua.